George Orwell: polisi aliyeandika habari za serikali inayoona kila kitu



Muhula uliopita tulibishana bwenini hadi usiku wa manane. Ndugu mmoja anayesoma fasihi alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha riwaya tatu zinazosimulia serikali iliyoshika kila kitu, mpaka fikra za watu: We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, Brave New World ya Aldous Huxley, na 1984 ya George Orwell. Ndugu mwingine akadakia kwamba huyo wa mwisho hafai hata kusomwa, kwa sababu alikuwa polisi wa mkoloni, na tena mwishoni mwa maisha yake alipeleka majina ya watu serikalini. Mimi sikuwa na jibu. Nilichojua kuhusu Orwell ni Shamba la Wanyama tu, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Lakini sisi tunaosoma elimu ya hadithi tumefundishwa kumchunguza mpokezi kabla ya kuikubali au kuikataa habari yake, basi nikaenda kuutafuta wasifu wake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 mjini Motihari, India, nchi hiyo ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mtumishi wa Idara ya Afyuni, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikifanya biashara ya afyuni na China. Kiswahili kinaiita afyuni kasumba, na neno hilohilo tunalitumia kwa fikra anazopandikizwa mtu mpaka akadhani ni zake mwenyewe. Ukisoma riwaya za namna hii, neno hilo halikutoki akilini.

Mama yake alimpeleka Uingereza angali mdogo sana. Alipokua akapata ufadhili wa kusoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, na kwa muda mfupi mwalimu wake wa Kifaransa alikuwa Aldous Huxley, yuleyule wa riwaya ya pili. Chuo kikuu hakwenda. Mwaka 1922, akiwa na miaka 19, alijiunga na polisi wa kifalme wa India akapelekwa Burma, ambayo leo inaitwa Myanmar.

Alikaa huko miaka mitano. Hebu fikiri: kijana wa rika letu, mwenye bastola na sare, mamlaka yake yakiwafikia maelfu ya watu wazima waliomzidi umri na busara. Alihamishwa kituo baada ya kituo, ikiwemo Insein, penye gereza kubwa. Alijifunza lugha ya wenyeji. Aliona mtu anavyohojiwa, anavyofungwa, na jinsi askari mwenyewe anavyolazimika kuvaa uso usio wake ili raia wasimcheke. Mwaka 1927, akiwa likizoni Uingereza, aliacha kazi. Baadaye aliandika kwamba alitoka Burma na mzigo wa hatia, akataka kuulipia. Akaenda kuishi na maskini, akaosha vyombo hotelini Paris, akalala na watu wasio na makazi London. Jina la George Orwell alianza kulitumia mwaka 1933, kitabu chake cha kwanza kilipotoka.

Kwa hiyo, ndugu yetu, ni kweli: alikuwa polisi wa mkoloni. Na mimi naona hapo ndipo kitabu chake kinapoachana na vile viwili. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli, aliyefungwa na serikali ya mfalme na tena na serikali ya mapinduzi aliyoyapigania. Mji wake umejengwa kihandisi: nyumba ni za vioo, watu wana namba badala ya majina, ratiba ni moja kwa wote, na anayesumbua anapasuliwa kichwa aondolewe uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. Alikimaliza mwaka 1921, na nchini kwake kikaja kuchapishwa mwaka 1988, miaka 51 baada ya yeye kufia Paris. Huxley alitoka katika ukoo wa wanasayansi. Katika riwaya yake ya mwaka 1932 watoto wanakuzwa ndani ya chupa, wanasomeshwa wakiwa usingizini, na mwenye huzuni anameza kidonge kiitwacho soma. Hakuna anayepigwa, kwa sababu hakuna anayetaka kutoka. Orwell hakuwa mhandisi wala mwanasayansi. Yeye alijua mafaili, chumba cha mahojiano, na namna ya kumfanya mtu akiri.

Lakini Burma peke yake isingetosha. Mwisho wa mwaka 1936 alikwenda Hispania kupigana dhidi ya jeshi la Jenerali Franco, akajiunga na wanamgambo wa chama kidogo cha mrengo wa kushoto, POUM. Mei 1937 risasi ilimpita shingoni, akanusurika. Alipotoka hospitali alikuta chama chake kimepigwa marufuku. Wakomunisti waliofuata amri za Moscow, waliokuwa upande uleule wa vita, walitangaza kwamba POUM ni majasusi wa Franco. Wenzake walikuwa wanakamatwa, na kiongozi wao Andrés Nin alitekwa akauawa. Mkewe Eileen alimpokea hotelini Barcelona kwa kumnong'oneza aondoke upesi, kwa maana polisi walikuwa wanawasaka. Alilala kwenye magofu siku kadhaa, kisha wakavuka mpaka kuingia Ufaransa. Miaka mingi baadaye ilipatikana hati ya mashtaka iliyoandaliwa dhidi ya mume na mke, ya Julai 1937, wiki chache baada ya wao kuponyoka.

Kilichomtisha zaidi ya risasi ni magazeti. Alisoma habari za mapigano ambayo hayakutokea, na wanaume aliowaona wakifa wakaandikwa kuwa wasaliti. Alirudi kwao akaeleza, na mchapishaji wake akakikataa kitabu hata kabla hajakiandika. Kilipotoka kwa mchapishaji mwingine mwaka 1938 zilichapwa nakala 1,500, na alipofariki zilikuwa bado hazijaisha.

Mwaka huohuo kifua chake kiliugua, akaenda na Eileen kupumzika Marrakech, Morocco. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1941 hadi 1943, aliajiriwa na BBC kuandaa matangazo kwa wasikilizaji wa India. Kila alichoandika kilipita kwa mkaguzi kwanza. Eileen naye alikuwa amefanya kazi katika idara ya ukaguzi wa habari. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa mkono wa dola mara mbili, na mara moja akawa mwindwa wake. Animal Farm ilikataliwa na wachapishaji kadhaa kwa sababu Stalin wakati huo alikuwa rafiki wa Uingereza. Ikatoka Agosti 1945. Eileen hakuiona, alifariki Machi mwaka huo akiwa katika upasuaji, akamwachia mtoto wa kulea, Richard.

1984 aliiandika katika nyumba ya shamba kisiwani Jura, Scotland, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mwisho wa mwaka 1948, kwa kukosa mpiga chapa wa kwenda kisiwani, aliipiga chapa yeye mwenyewe, muda mwingi akiwa kitandani. Kitabu kilitoka tarehe 8 Juni 1949.

Wengi wanakumbuka ile runinga inayokutazama unapoitazama. Mimi nilisimama kwenye kazi ya Winston, mhusika mkuu. Yeye ni karani wa Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kuandika upya magazeti ya zamani ili kila alichowahi kusema mtawala kionekane kilitimia. Nakala ya zamani inachomwa. Wenzangu wa somo la hadithi watanielewa. Mzushi wa zamani alitunga riwaya, lakini wanazuoni walimkamata kwa sababu zilikuwepo njia nyingine za mapokezi za kulinganisha nazo. Katika nchi ya Winston njia nyingine haipo. Mpokezi akitoweka jina lake linafutwa, ikawa hajawahi kuzaliwa. Zamyatin anamnyang'anya mtu mawazo, Huxley anamnyang'anya matamanio ya kuwa huru, Orwell anamnyang'anya jana. Oktoba 1949 Huxley alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani kwamba watawala wajao wangepata njia rahisi kuliko mateso: kuwafanya watu waupende utumwa wao. Siku hizi, kwa ajili ya hizi simu zetu, wengi wanampa Huxley ushindi. Mimi bado. Mtu aliyelewa anaweza kulevuka, lakini aliyechomewa kumbukumbu zote atarudi wapi?

Sasa ile orodha. Mei 1949, akiwa sanatoriamu, Orwell alimpa rafiki yake Celia Kirwan majina 38. Kirwan alifanya kazi katika idara ya siri ya Wizara ya Mambo ya Nje, iliyoundwa mwaka 1948 kupambana na propaganda ya Kisovieti. Walikuwa waandishi na watu mashuhuri aliowashuku kuwa na mapenzi na Moscow, na alishauri wasipewe kazi ya kuiandikia serikali. Haikuwa orodha ya watu wa kukamatwa, na watetezi wake hulisisitiza hilo. Wanataja pia jina la Peter Smollett, ofisa wa Wizara ya Habari anayeaminika kuwa ndiye aliyemshawishi mchapishaji mmoja aikatae Animal Farm, na ambaye baadaye alijulikana kuwa wakala wa Wasovieti. Dhana hiyo basi ilipata. Lakini katika daftari alimochota majina hayo, pembeni mwa baadhi yake aliandika kwamba huyu ni Myahudi, au akajiuliza kama ni Myahudi. Hiyo ilikuwa na uhusiano gani? Aya ya 12 ya Suratul Hujuraat inakataza dhana na upelelezi kwa pumzi moja, na karatasi ile ilikuwa na vyote viwili. Ndugu yetu alisema kweli katika hili, na nimemwambia hivyo. Alichokosea ni kuutupa ushahidi wa Burma na wa Barcelona, maana huko Orwell alikuwepo na aliona kwa macho yake.

Alifariki London tarehe 21 Januari 1950, akiwa na miaka 46. Alizikwa kijijini Sutton Courtenay, chini ya jiwe lenye jina la Eric Arthur Blair. Jina la Orwell halimo. Habari ya orodha ilifichuka mwaka 1996, na majina yenyewe yakachapishwa 2003. Miaka minne baadaye likafunguliwa faili jingine, la polisi wa upelelezi wa Uingereza, waliokuwa wakimfuatilia yeye mwenyewe tangu alipokuwa Paris. Mmoja wao aliona inafaa kuweka kwenye taarifa yake jinsi Orwell alivyokuwa akivaa.