June Almeida: Binti wa dereva wa basi aliyevumbua taji la Corona

Na Mwandishi Wetu, Ilford, London

Hapa Ilford, mashariki mwa London, wapo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za uuguzi, kutunza wazee na kuendesha mabasi. UVIKO-19 ilipolipiga jiji hili mwaka 2020, madereva wa mabasi walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Ni wachache wanaofahamu kwamba mtu wa kwanza kupiga picha ya wazi ya virusi vya Corona vya binadamu alikuwa mwanamama aliyeacha shule na miaka 16, tena binti wa dereva wa basi.

Mwanamama huyo ni June Almeida. Alizaliwa Oktoba 5, 1930 mjini Glasgow, Scotland, akiitwa June Hart. Mdogo wake wa kiume alifariki kwa dondakoo angali mtoto. Shuleni June alikuwa hodari, lakini nyumbani hapakuwa na fedha za chuo kikuu. Mwaka 1947 akaajiriwa kuwa fundi wa maabara katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary.

Baadaye alihamia London, na mwaka 1954 akaolewa na msanii wa Venezuela, Enrique Almeida. Wawili hao walikwenda Canada, na nyota yake ikang'aa huko Toronto. Kule ilikuwa rahisi zaidi kuliko Uingereza kwa mtu asiye na shahada kutambuliwa kwa kazi yake. Akakabidhiwa hadubini ya elektroni, mashine yenye uwezo wa kuonyesha vitu ambavyo hadubini ya kawaida haivioni kabisa.

Tatizo la siku hizo lilikuwa kutofautisha virusi na takataka nyingine ndani ya sampuli. June akatumia kingamwili, yaani askari wa mwili wa mtu aliyewahi kuugua. Kingamwili zilivikamata virusi na kuvikusanya mahali pamoja, vikaonekana bila utata.

Mwaka 1964 aliitwa kurudi London, katika hospitali ya St Thomas, ng'ambo ya mto Thames mkabala na Bunge. Wakati huo Dk. David Tyrrell, aliyekuwa akitafiti mafua mjini Salisbury, alikuwa na sampuli iliyoitwa B814, iliyotoka kwa mwanafunzi mmoja wa Surrey mwaka 1960. Watu wa kujitolea waliotiwa sampuli hiyo puani waliugua mafua, lakini virusi vyenyewe havikuwa vimeonekana.

June aliviona. Vilikuwa viduara vilivyozungukwa na miiba pande zote. Akakumbuka kwamba alikwisha kuona vya namna hiyo kwa kuku na panya, ila makala yake ilikataliwa na wakaguzi waliodai kuwa hizo ni picha mbaya tu za virusi vya influenza. Safari hii ushahidi ulikuwa mzito. Picha zilichapishwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata jina likatangazwa rasmi: Corona, neno la Kilatini lenye maana ya taji.

Msomaji utauliza, miiba ile ina kazi gani? Ndiyo ufunguo wa mlango. Mwaka 2003, baada ya mlipuko wa SARS, wanasayansi waligundua kwamba mwiba hujishikiza kwenye protini iitwayo ACE2, iliyo juu ya seli za mapafu, utumbo na viungo vingine. Virusi vya UVIKO-19 navyo hupitia mlango huo huo. Mwiba ukishanasa, vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe huukata. Hapo hujikunja na kuuvuta utando wa kirusi hadi ugusane na utando wa seli. Tando hizo mbili huungana, na maelekezo ya kirusi humiminika ndani. Seli inageuka kiwanda cha kuzalisha adui yake.

Si virusi vyote vya ukoo huu vinavyotumia mlango mmoja. Vya MERS, ambavyo dalili za maambukizi yake zimepatikana kwa ngamia wa Kenya, hushika protini nyingine iitwayo DPP4.

Chanjo nyingi nazo zimelenga mwiba. AstraZeneca iliyoanza kutolewa Kenya Machi 2021, na Janssen aliyochanjwa Rais Samia Suluhu Hassan hadharani Julai mwaka huo, zote huufundisha mwili kuutambua mwiba kabla adui hajafika.

June pia alipiga picha za virusi vya rubella na homa ya ini aina ya B, akapata Udaktari wa Sayansi kwa kazi alizochapisha. Baada ya kustaafu alifundisha yoga, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 alirudi kusaidia kupiga picha za virusi vya Ukimwi. Alifariki Desemba 1, 2007, akiwa na miaka 77. Dunia ilikuja kulijua jina lake mwaka 2020.

Wengi wetu ughaibuni tumeambiwa vyeti vyetu havitoshi, na wengine hatuna kabisa. June naye hakuwa nacho alipoanza. Waliokuwa na vyeti walitazama taji lile lile, wakasema ni picha mbaya.