Emlen Tunnell: beki aliyedandia lori la ndizi mpaka akawa kocha NFL

Leo naomba tuweke Simba na Yanga pembeni kidogo. Kuna jamaa mmoja wa Marekani, kafariki tangu mwaka 1975, ambaye kila nikimfikiria najiona mimi mvivu. Anaitwa Emlen Tunnell. Alikuwa beki wa futiboli ya Marekani, halafu kocha wa mabeki. Najua mtu atasema, kocha wa ulinzi wa mchezo ambao hata sheria zake hatuzijui anatuhusu nini sisi? Tulia kwanza, usifunge ukurasa.

Nieleze mchezo wenyewe kwa kifupi. Ni ile wanayovaa kofia ngumu na mabega makubwa kama wanaenda vitani. Inafanana na raga kuliko soka. Kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, wanapokezana kuingia uwanjani. Nyuma kabisa ya kikosi cha ulinzi wanakaa mabeki, wanasubiri mpira unaorushwa hewani. Akikosea mtu wa mbele, wa nyuma yupo, atasahihisha. Akikosea wa nyuma, hakuna wa kumfichia aibu, uwanja mzima umeona. Huko nyuma ndiko alikokaa Tunnell maisha yake yote, ndani ya uwanja na nje ya uwanja.

Kazaliwa tarehe 29 Machi 1924 huko Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania, karibu na jiji la Philadelphia. Kakulia mtaa wa Garrett Hill, akilelewa na mama yake. Mwaka 1942 akapata nafasi Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio. Msimu ule ule akavunjika shingo akicheza. Shingo, wadau, siyo kidole! Mtu mwingine angesema basi, Mungu kapanga. Yeye akapona, na mwaka 1943 alikuwemo kwenye timu ya chuo ya mpira wa kikapu iliyofika fainali ya mashindano makubwa ya vyuo kule New York.

Wakati huo ni Vita Kuu ya Pili. Jeshi la nchi kavu likamkataa kwa sababu ya ile shingo. Jeshi la majini nalo likamkataa. Akaenda Walinzi wa Pwani, hao wakamchukua. Lakini kumbuka enzi zile weusi wengi melini walipewa kazi za mezani, kuhudumia maofisa chakula na usafi. Na yeye ndiyo kazi aliyopangiwa. Yaani mwanamichezo wa kiwango kile anabeba sahani.

Aprili 1944 meli yake, Etamin, ilikuwa Aitape, pwani ya New Guinea, inashusha mizigo ya vita. Ndege ya Japani ikaipiga kwa topido, moto ukalipuka. Mwenzake mmoja akawa anaungua. Tunnell akamzima moto kwa mikono yake mitupu, akaungua na yeye, akambeba mpaka mahali salama. Miaka miwili baadaye, mwaka 1946, yuko kwenye meli nyingine, Tampa, huko Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Mwenzake akaanguka kwenye maji ya baridi kali ya barafu. Tunnell akajirusha akamtoa. Watu wawili wakaishi kwa sababu yake, mmoja katolewa motoni, mwingine kwenye barafu. Hii habari iwekeni kichwani, tutairudia.

Vita ikaisha, akaenda Chuo Kikuu cha Iowa akacheza msimu wa 1946 na 1947. Kisha mambo yakaanza kwenda kombo, akaacha chuo. Timu za NFL wakati ule zilikuwa zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, na jina lake halikuitwa. Kwa kweli ligi yenyewe ilikuwa imefunga milango. Tangu 1934 mpaka 1945 hakucheza mtu mweusi hata mmoja NFL. Mlango ulikuja kufunguliwa 1946, ukafunguliwa kidogo tu.

Sasa ndiyo ile sehemu inayoniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Kiangazi cha 1948 jamaa akasimama barabarani akaomba lifti kuelekea New York. Gari mojawapo lililombeba lilikuwa lori la ndizi. Hana barua, hana mjomba ofisini, hana simu ya kumpigia mtu. Akashuka, akaenda moja kwa moja ofisi za New York Giants, timu ambayo haikuwahi kuwa na mchezaji mweusi, akaomba wamjaribu. Familia ya Mara, wenye timu, wakamsikiliza, wakamsainisha. Akawa mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya Giants.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, na bahasha yangu ya kaki yenye vivuli vya vyeti imeshachakaa. Kuna ofisi moja mlinzi alinirudisha getini kabla sijamaliza salamu, na sikurudi tena. Ndiyo maana hadithi ya lori la ndizi imenikaa rohoni. Lakini naomba tusiishie hapo, maana hadithi za hivi zikiishia hapo huwa zinatudanganya.

Mwaka 1950 kocha wa Giants, Steve Owen, alibuni ulinzi mpya ambao watu waliuita mwavuli. Ukiuangalia toka juu, mabeki wanne wanatanda kwa nyuma kama mbavu za mwavuli uliofunguliwa, na watu wa pembeni wa mbele nao wanaweza kurudi nyuma kusaidia kuzuia pasi. Oktoba mosi mwaka ule waliufungulia Cleveland Browns, timu iliyokuwa inaogopwa ile mbaya kwa pasi zake. Browns wakatoka bila pointi hata moja, 6 kwa 0. Tunnell alikuwa katikati ya mwavuli.

Alikuwa na kitu cha ziada. Mabeki wengi walikuwa wanazuia tu. Yeye akinasa pasi ya adui anageuka mshambuliaji, anakimbia nayo. Mwaka 1952, kwa kunasa pasi na kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, alikusanya yadi 923. Mshambuliaji aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira mwaka huo alipata 894. Mnapata picha? Beki kampita mkimbiaji bora wa ligi.

Giants wakawa mabingwa 1956, wakiwafunga Chicago Bears 47 kwa 7. Mwaka 1959 Tunnell akahamia Green Bay Packers, chini ya Vince Lombardi ambaye alimfahamu tangu Giants. Umri umekwenda, lakini Lombardi alitaka mtu wa kuwafundisha vijana. Mmoja wa vijana hao alikuwa Willie Wood, mweusi mwenzake, naye aliingia 1960 bila kuchaguliwa na timu yoyote. Tunnell alimfundisha akiwa bado mchezaji, na Wood akaja kuwa mmoja wa mabeki wakubwa wa historia. Mwaka 1961 Packers wakachukua ubingwa kwa kuwachapa Giants hao hao 37 kwa 0, Tunnell akastaafu. Alikuwa kanasa pasi 79, rekodi ya ligi iliyodumu mpaka 1979.

Haya, ukocha sasa. Mwaka 1962 alirudi Giants kusaka vipaji, baadaye akawa anasaidia kuwanoa mabeki, na Mei 1965 akapewa kazi ya kudumu ya kocha msaidizi. Anatajwa kama mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika zama mpya za NFL. Nilitamani niwaambie kwamba kuanzia hapo ilikuwa raha tupu. Wapi! Msimu wa 1966 Giants walishinda mechi moja tu kati ya 14. Walifungwa pointi 501. Siku moja ya Novemba, Washington waliwafunga 72. Huo ndio ulinzi ambao mabeki wake alikuwa anawafundisha yeye. Timu ilikuwa imezeeka na imeuza watu wake wazuri, lakini nani anasikiliza hayo? Mtu wa nyuma ndiye anayeonekana.

Hakukimbia. Kwenye kikosi hicho hicho kibovu kulikuwa na kijana anaitwa Carl Lockhart, amechaguliwa 1965 raundi ya 13, raundi ambayo watu wanasinzia. Tunnell ndiye aliyembatiza jina la Spider, yaani buibui, kwa jinsi alivyokuwa anamnasa mpokeaji wa pasi. Buibui akacheza Giants miaka 11 na kunasa pasi 41. Mwalimu unampima kwa wanafunzi, siyo kwa matokeo ya darasa bovu alilokabidhiwa.

Mwaka 1967, timu ikiwa bado inayumba, Tunnell akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo kule Canton, Ohio. Mweusi wa kwanza, na wa kwanza kuingia kwa kazi ya ulinzi peke yake. Usipime!

Sasa hapa ndipo ninapotaka tujadiliane. Pale Giants miaka ya 50, kikosi kile cha ulinzi kilitoa makocha wakuu kibao. Tom Landry, beki mwenzake wa kwenye mwavuli, alipewa Dallas Cowboys 1960 akakaa nao mpaka 1988. Harland Svare akapewa Los Angeles Rams 1962. Dick Nolan akapewa San Francisco 1968. Wote wazungu. Sisemi hawakustahili, Landry alikuwa kichwa kweli kweli, alishaanza kuongoza ulinzi wa Giants akiwa bado mchezaji. Lakini Tunnell alicheza kuliko hao wote, na kwenye ukocha aliishia kuwa msaidizi. Mwaka 1974 akawekwa ofisini kushughulikia mambo ya wachezaji. Kocha mkuu mweusi katika NFL ya zama mpya alipatikana 1989, Art Shell wa Raiders. Tunnell alikuwa ameshalala kaburini miaka 14.

Alifariki tarehe 23 Julai 1975, kwa shambulio la moyo, akiwa kwenye kambi ya mazoezi ya Giants huko Pleasantville, New York. Miaka 51 tu. Alifia kazini, kwenye timu ile ile aliyoifuata kwa lori.

Na wale watu wawili aliowaokoa? Mwaka 2011, miaka 36 baada ya kifo chake, Walinzi wa Pwani wakampa nishani ya fedha ya kuokoa maisha. Mwaka 2021 wakazindua meli ya doria yenye jina lake, Emlen Tunnell, na kituo ilichopangiwa ni Bahrain, kwenye Ghuba, huko huko ambako ndugu zetu wengi wanatafuta maisha. Kijana aliyewekwa kubeba sahani melini, leo kuna meli imebeba jina lake. Imependeza, ila imechelewa. Nishani ya marehemu haimfikii marehemu.

Kwa hiyo ndugu zangu, msije mkatoka hapa mkisema nimewaambia kwamba ukigonga mlango utafunguliwa tu. Tunnell aligonga, wakamfungulia sebule, chumba cha ndani wakakifunga. Ninachosema ni kwamba alichofanya pale sebuleni hakikupotea. Willie Wood alikipata. Buibui alikipata. Mlango wa Art Shell ulikuwa umeshalegezwa bawaba na watu kama yeye. Kuna wanaofungua mlango wakaingia, na kuna wanaoulegeza ili wengine wasukume. Hao wa pili hatuwaimbi.

Mimi kesho nairudia ile ofisi yenye mlinzi. Akinirudisha tena, mtaniona hapa hapa kafe nawaandikia mwingine.

Nawasilisha. Tupia maoni yako hapo chini: wewe kwenye maisha yako unamjua nani aliyekaa nyuma akazuia mabao, halafu sifa akapewa mfungaji? Kama ni mama yako, mwandike. Matusi tuyaache.