Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita

Ushairi ukitajwa darasani, wengi wetu hufikiria vina, mizani na alama za mtihani tu. Leo nataka nikusimulie juu ya mtu aliyetunga bila kalamu nyekundu ya mwalimu, na mji mzima ukingoja kusikia atasema nini.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Siku hizo hapakuwa na gazeti wala redio kule. Shairi ndilo lililokuwa gazeti. Tungo nyingi za zamani zilizohifadhiwa zilikuwa tenzi za dini. Yeye alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga juu ya vita, mapenzi, njaa, umaskini, hata mafumbo ya kujibizana na wenzake. Beti hizi za mishororo minne tunazozihesabu mizani, yeye ndiye hasa aliyezipa umaarufu.

Mimi hunivutia zaidi ukali wa ulimi wake. Mombasa ilitawaliwa na Wamazrui, ambao walikataa katakata kuwa chini ya Oman. Muyaka alikuwa mtu wao. Yapata mwaka 1812 Wamazrui na watu wa Pate walikwenda kuishambulia Lamu, wakapigwa vibaya sana pale Shela. Walamu, kwa kuogopa kisasi, wakamwita Seyyid Said awalinde. Basi kukawa na vita vingine, vya maneno: Muyaka huku Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi kule Lamu, kila mmoja akimrushia mwenziwe mashairi. Hebu fikiria, ndugu yangu, watu wazima wanatukanana kwa vina! Afadhali hivyo kuliko mawe ya wakati wa kampeni.

Seyyid Said aliishambulia Mombasa mara kadhaa asiiweze. Aliipata mwaka 1837, baada ya Wamazrui wenyewe kugawanyika. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Muyaka aliyaona hayo yote uzeeni, kisha akafa yapata mwaka 1840, upande wake ukiwa umeshindwa.

Sasa, malenga wa walioshindwa, tena mashairi yake mengi yako vinywani mwa watu, si angesahaulika kabisa? Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapo hapo Mombasa. Aliyakusanya akampa mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, naye akayaweka pamoja na maelezo yake. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama Taylor angechelewa miaka michache tu, mengi yangezikwa na mzee huyo. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1940, kikitengenezwa na William Hichens na kupigwa chapa Johannesburg, ati mbali hivyo! Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa chake hapa Kenya.

Wewe wa huku Kakamega usitishwe na Kimvita, ambacho macho ni mato na njoo ni ndoo. Soma kwa sauti. Mimi nilikuwa nikisoma jikoni jioni moja, na kukhu wangu, ambaye hakwenda shule, akaacha kuchambua mboga akaniuliza huyo bwana ambaye dunia imemtenda hivyo ni wa ukoo gani.