TAFAKURI YA LEO: Tabibu Aliyejua Maana ya Kujaa



Ndugu zangu waumini, jana baada ya futari niliwaona baadhi yetu wakiingia tarawehe mkono uko tumboni, rukuu yenyewe wanashuka nusu. Sisi tunasema kuvimbiwa. Matabibu wa Kiarabu walikuwa na neno pana zaidi, imtilaa, yaani kujaa: si tumbo tu, hata mishipa. Wagiriki walisema pletora, na madaktari bado wanalitumia kwa damu iliyozidi mwilini. Mmoja wa waliolichambua sana jambo hili ni Ibn Sina, na alifariki katika mwezi huu huu wa Ramadhani. Basi leo tumzungumze yeye.

Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipotimiza miaka kumi alikuwa ameshamaliza Qur'ani, na akiwa na miaka 16 matabibu wakubwa walikuwa wanakuja kusoma kwake. Akishindwa na mas'ala, anakwenda msikitini, anaswali na kumwomba Mola amfungulie. Alipoitwa kumtibu Sultani Nuh bin Mansur, aliomba ruhusa ya kuingia maktaba ya ikulu. Kijana wa leo angeomba nini, sijui.

Katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aligawa kujaa mafungu mawili. La kwanza ni kujaa kwa vyombo: damu na majimaji ya mwili hayana ubaya wowote, ila yamezidi, mishipa imetanuka, uso mwekundu, viungo vizito, na mtu anaota kabeba mzigo asioweza kuuinua. Hatari yake ni mshipa kupasuka ghafla. La pili ni kujaa kwa nguvu: hapa si wingi tu, kilichomo chenyewe kimeharibika na kinaulemea mwili, ingawa mishipa haijatuna sana. Huyu wa pili ukimtazama kwa nje unaweza usimjue.

Sasa, alipimaje bila mashine? Kwa vidole, kwenye kifundo cha mkono. Alihesabu namna kumi za kuyachunguza mapigo, na mojawapo ni kujaa au utupu wa mshipa. Siku hizi hospitali wanakubana kidude kidoleni chenye taa nyekundu. Kila moyo ukipiga, damu inaongezeka kidogo kidoleni na mwanga unaopenya unapungua. Kisha damu inarudi, mwanga unaongezeka. Elimu ya kupima kuongezeka na kupungua huko inaitwa plethismografia, jina lililotoka mzizi mmoja na pletora. (Tafadhali, mtu asikimbilie hijama kwa sababu ya ujumbe huu. Nenda kapimwe kwanza.)

Turudi kwake. Akiwa Hamadan, Uajemi, mtawala Shams ad-Dawla alishikwa na msokoto wa tumbo. Ibn Sina akakaa naye siku 40 mpaka akapona, na baadaye akapewa uwaziri. Mchana serikali, usiku wanafunzi na uandishi, na baada ya darasa ulevi na waimbaji. Hilo wanazuoni hawakulinyamazia, nami sitalipamba. Mwanafunzi wake Juzjani, aliyetuandikia habari zake, anakiri kuwa mwalimu hakuuhurumia mwili wake.

Miaka ikapita, akahamia Isfahan kwa Ala ad-Dawla, na ugonjwa ule ule wa tumbo ukamshika yeye. Jeshi lilikuwa safarini. Akaogopa asije akashindwa kusafiri na wenzake, akataka apone haraka, akajipiga bomba mara nane kwa siku moja. Matumbo yakafanya vidonda. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyewafundisha watu kipimo! Kisha akaagiza dawa itiwe mbegu za seleri danaki mbili, na tabibu akatia dirhamu tano, yaani mara kumi na tano ya alichoagiza. Juzjani anasema hajui kama ilikuwa bahati mbaya au makusudi. Mtumishi mmoja naye akamzidishia afyuni kwenye dawa nyingine, kwani walikuwa wamemwibia mali na wakaogopa akipona itajulikana.

Alipata nafuu kidogo, akasafiri tena na Ala ad-Dawla kwenda Hamadan, maradhi yakamrudia njiani. Alipofika akajipima mwenyewe na kuona nguvu zimekwisha, aliyekuwa akiusimamia mwili huu hawezi tena. Akaacha dawa zote. Inasimuliwa kwamba alioga, akatubia, akagawa mali yake kwa mafukara, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Qur'ani kila siku tatu.

Alifariki Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, mwaka 428 Hijria (1037), akazikwa Hamadan, na kaburi lake linazuriwa mpaka leo. Allah amrehemu na amsamehe, nasi pia.

Tukutane tarawehe inshaallah.