Japani: Yoshifumi Kondo, mchoraji aliyeacha filamu moja tu

Yoshifumi Kondo alizaliwa tarehe 31 Machi 1950 katika mkoa wa Niigata, Japani. Alianza kuchora filamu za katuni mwaka wa 1968, na kwa miaka mingi alichora za wengine. Katika studio ya Ghibli alikuwa mkono wa kuume wa Hayao Miyazaki na Isao Takahata.

Mwaka wa 1995, akiwa na miaka 45, aliongoza filamu yake ya kwanza, inayojulikana kimataifa kwa jina la Whisper of the Heart. Shizuku, msichana wa shule, anakuta jina la Seiji kwenye kadi za kila kitabu anachoazima maktabani. Wanapendana. Kijana anaenda Italia kujifunza kutengeneza fidla. Msichana naye anaandika hadithi mpaka alama zake zinashuka. Hakuna vita, ni maisha ya kila siku tu.

Studio ilimtazamia Kondo kuwarithi wazee hao wawili. Lakini tarehe 21 Januari 1998, alifariki kwa ugonjwa wa mshipa mkubwa wa damu, akiwa na miaka 47. Wengi walisema ni kazi iliyomchosha kupita kiasi. Wazee aliotakiwa kuwarithi ndio waliomzika.