Jaroslav Drobný, Bingwa wa Tenisi Aliyepewa Nchi na Misri

Yafaa sisi tunaosoma Bujumbura tulijue jina la Jaroslav Drobný. Nchi yetu imetoa wakimbizi na kupokea wakimbizi, na bwana huyu naye alikuwa mkimbizi kabla hajawa bingwa.

Alizaliwa Prague, katika Chekoslovakia, tarehe 12 Oktoba 1921. Baba yake alikuwa mtunza viwanja katika klabu ya tenisi, na mtoto akawa akiwaokotea wakubwa mipira. Huko ndiko alikojifunza kushika raketi, naye aliishika kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1938, akiwa na miaka 16 tu, alicheza Wimbledon, Uingereza, kwa mara ya kwanza.

Kisha vita vikuu vikaja, na kwa miaka sita Wimbledon haikuchezwa. Vilipokwisha, mwaka 1946, alimshinda huko Jack Kramer wa Marekani, ambaye mwaka uliofuata alitwaa ubingwa. Majira ya baridi Drobný alicheza mpira wa magongo juu ya barafu, na timu ya taifa lake ikawa bingwa wa dunia mwaka 1947. Mchezo huo ulimwumiza jicho, hata akalazimika kucheza tenisi akivaa miwani.

Mwezi wa Julai 1949 yeye na mwenzake Vladimír Černík walikuwa mashindanoni Gstaad, Uswisi. Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimeshika serikali ya nchi yao tangu mwaka 1948, nayo ikawaamuru wajitoe na kurudi nyumbani. Walikataa. Tangu siku hizo Drobný akawa mtu asiye na nchi. Mchezaji asiye na pasipoti havuki mpaka, na asiyevuka mpaka hana mashindano wala chakula. Alibisha hodi katika nchi kadhaa bila kufanikiwa. Mwishowe Misri ikamkubali awe raia wake.

Basi, kwa jina la Misri alitwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1951 na tena 1952. Wimbledon ndiyo iliyomshinda: alipoteza fainali mwaka 1949, akapoteza nyingine mwaka 1952. Mwaka 1953 alipambana na Budge Patty wa Marekani kwa zaidi ya saa nne, gemu 93, akashinda, lakini alitolewa katika nusu fainali.

Mwaka 1954 alikuwa na miaka 32, na wengi walidhani siku zake zimepita. Katika fainali alimkuta Ken Rosewall wa Australia, kijana wa miaka 19. Drobný alishinda kwa 13–11, 4–6, 6–2, 9–7. Ilikuwa miaka 16 tangu acheze hapo mara ya kwanza, na hakuna mwingine aliyepata kutwaa ubingwa huo wa mchezaji mmoja mmoja kwa jina la Misri.

Baadaye alikaa Uingereza, akawa raia wa huko mwaka 1959, na akafariki London tarehe 13 Septemba 2001.

Mto Nili unaanzia kwetu, Rutovu, na kuishia Misri. Huko mwishoni mwa mto watu walimpokea mgeni aliyekataa kurudi kwao, wakampa karatasi moja tu. Wenzangu, akija mgeni darasani mwetu hana kitu mkononi, tumkumbuke Drobný kabla ya kumpima.