Huyu Ndiye Msee Aliita Bangi Sativa, na Bado Akatutusi Waafrika

Sativa ushaisikia mtaani, na najua ni wapi uliisikia. Lakini zii, si jina la ndom peke yake. Ni Kilatini, maana yake ni kitu kimepandwa shambani. Mchele wa pilau yako ni Oryza sativa. Dania ni Coriandrum sativum, na tango ni Cucumis sativus. Umecheki vile mwisho wa neno unabadilika? Ni mambo ya ngeli tu, kama vile unasema mtoto mzuri lakini kiatu kizuri.

Msee alibandika hayo majina ni Carl Linnaeus, aliyezaliwa Uswidi mwaka wa 1707. Mzae wake alikuwa pasta na alitaka kijana afuate hiyo njia, lakini walimu wakaona hapo hakuna pasta. Akaenda kusomea udaktari. Chuoni Uppsala alisota vibaya, hadi akawa anaziba viatu na karatasi.

Enzi hizo mmea mmoja ungeitwa sentensi nzima ya Kilatini, manze. Mwaka wa 1753 akatoa kitabu, Species Plantarum, na kila mmea akaupea maneno mawili: jina la ukoo, halafu mara nyingi kivumishi. Maharagwe yakawa Phaseolus vulgaris, yaani ya kawaida. Embe ikawa Mangifera indica, ya India. Wanasayansi hutumia hiyo njia hadi leo.

Hapo alikuwa fiti. Ngori ilikuja 1758, kwa toleo la kumi la Systema Naturae. Binadamu wote akatuita Homo sapiens, wenye hekima. Halafu akatugawanya kwa bara na rangi ya ngozi, kila kundi na tabia zake. Wazungu wenzake, na usishtuke, wakawa wakali wa akili na wabunifu. Waafrika tukaandikwa wavivu, wajanja na wazembe. Na jamaa hakuwahi kukanyaga Afrika! Ua alikuwa analifungua na kuhesabu nyuzi zake ndio alipange. Kwa watu akaokota porojo za wasafiri, akazipiga muhuri wa sayansi, na wengine wakanakili.

Alikufa Januari 1778. Kiharusi kilikuwa kimemharibia kumbukumbu, ikafika pahali anasoma vitabu vyake, anavisifu, na hajui ni yeye aliviandika.